Dawa za kukuzia mifugo zinaifanya nini nyama? Tuzungumze kwa ushahidi

#1 – Mleta mada

Wakuu, salaam.

Kila ikizuka mada ya nyama, hazipiti dakika tano kabla mtu hajaandika kwamba nyama za siku hizi ni dawa tupu, na mwingine kumjibu kwamba hayo ni maneno ya vijiweni. Wote wawili wanaongea kana kwamba dawa ya kukuzia ni kitu kimoja. Ziko za aina nyingi, kila moja ina njia yake ya kufanya kazi, na kila moja inaiachia nyama alama yake. Mambo ya nyama nimeyasomea na ndiyo kazi yangu, kwa hiyo naomba tukae kitako tulichambue hili. Uzi ni mrefu, vumilieni.

Naweka hoja yangu mapema ili mwenye haraka asiikose. Ukiacha suala la mabaki ya dawa (tutalifikia), dhara kubwa la dawa hizi kwenye ubora wa nyama ni ugumu. Na ugumu huo unatoka palepale inapotoka faida ya mfugaji. Huwezi kuchukua kimoja ukaacha kingine.

Sababu ni hii. Msuli wa mnyama aliye hai unajengwa na kubomolewa kwa wakati mmoja, kila siku. Protini mpya zinaingia, za zamani zinakatwakatwa, na kinachozidi ndicho ukuaji. Ukitaka msuli unenepe, ama uongeze ujenzi au upunguze ubomoaji. Wanaokata nyuzi za msuli ni vimeng'enya viitwavyo kalpaini. Kalpaini ina mpinzani wake, protini iitwayo kalpastatini, ambayo kazi yake ni kuizuia isikate. Mnyama akishachinjwa ujenzi unakoma, lakini kalpaini huendelea kukata kwa siku kadhaa. Ndiyo maana nyama iliyokaa kwenye baridi wiki moja au mbili hulainika kuliko iliyochinjwa jana. Sasa dawa ikiwa imepandisha kalpastatini mnyama akiwa hai, kizuizi hicho kinabaki ndani ya msuli hata baada ya kuchinja. Nyama inakaa baridini, siku zinapita, nyuzi zimeshikamana vilevile.

Asiyeamini amtazame kondoo. Mwaka 1983 huko Oklahoma, Marekani, alizaliwa kondoo dume mwenye badiliko la kurithi ambalo baadaye liliitwa callipyge. Uzao wake ulikuwa na mapaja na mgongo wa kutisha kwa ukubwa, bila dawa yoyote. Wafugaji walifurahi mpaka nyama ilipofika mezani: ya mgongoni ilikuwa haitafuniki, na kuiweka baridini hakukusaidia. Kalpastatini ilikuwa juu mno. Hapo maumbile yenyewe yalionyesha gharama ya kunenepesha msuli kwa kuzuia ubomoaji.

Ila nisiwapotoshe kwamba msuli mkubwa lazima uwe mgumu. Ng'ombe wa aina ya Belgian Blue ana misuli iliyofumuka kila upande na nyama yake ni laini, kwa sababu yeye huzaliwa na nyuzi nyingi zaidi na tishu za kuunganishia kidogo. Njia iliyotumika kuukuza msuli ndiyo inayoamua.

Tuje kwenye dawa zenyewe.

Homoni kwanza. Marekani inaruhusu sita kwa ng'ombe: tatu za asili, yaani estradioli, projesteroni na testosteroni, na tatu za kutengenezwa, yaani trenboloni, zeranoli na melengestroli. Melengestroli huchanganywa kwenye chakula cha mitamba. Nyingine huwekwa kwenye vidonge vidogo vinavyopachikwa chini ya ngozi, upande wa nyuma wa sikio, kwa sindano maalumu, vikayeyuka polepole kwa miezi kadhaa. Sikio limechaguliwa kwa makusudi: haliliwi, hivyo likitupwa machinjioni mabaki ya kidonge yanakwenda nalo. Australia wameongeza hatua nyingine. Ng'ombe aliyepachikwa homoni hutobolewa tundu la pembetatu katikati ya sikio, ili yeyote atakayemnunua baadaye ajue kwa kumtazama tu.

Ng'ombe huyo hukua haraka zaidi, mara nyingi kwa asilimia 10 hadi 20, na kila kilo anayoongeza inakula chakula kidogo kuliko ya mwenzake. Mzoga wake una nyama pana kwenye mkato wa mbavu na mafuta machache. Hapo mnunuzi anashangilia, lakini mafuta yanayopungua ni pamoja na yale membamba yaliyotapakaa ndani ya msuli, ambayo ndiyo yanayoleta utamu na unyevu mdomoni. Marekani hupanga madaraja ya nyama kwa kuangalia mafuta hayohayo: Prime juu, kisha Choice, kisha Select. Mnyama aliyepachikwa vidonge vikali, vyenye trenboloni na estradioli pamoja, tena zaidi ya mara moja, yumo hatarini kushuka daraja.

Ugumu nao unapimwa, haukisiwi. Steki inapikwa, inapoa, kisha inatobolewa vipande vya mviringo vyenye upana wa sentimita 1.27 kufuata mwelekeo wa nyuzi. Kisu butu cha mashine ya Warner-Bratzler kinakata kila kipande na mizani inasoma nguvu iliyotumika. Nyama ya ng'ombe wa homoni kwa kawaida husoma juu kidogo. Tofauti si kubwa kwa dawa hafifu, na kuikalisha baridini siku za ziada kunaipunguza, lakini ipo. Mfumo wa Meat Standards Australia, unaotabiri jinsi kila kipande kitakavyolika, huikata alama nyama ya mnyama wa homoni, na vipande vya mgongoni ndivyo vinavyokatwa zaidi.

Kundi la pili ndilo lenye alama nzito: beta-agonisti. Humo wamo raktopamini, zilpateroli na klenbuteroli. Hizi zinafanana na adrenalini, na hutolewa kwenye chakula wiki za mwisho kabla ya kuchinja, kwa sababu mwili hauchelewi kuzizoea. Zinaelekeza chakula kwenye msuli badala ya mafuta na kuzigeuza nyuzi za msuli kuwa zile za nguvu za ghafla. Kalpastatini hupanda. Zilpateroli ikitumika kama siku 20 huweza kuongeza karibu kilo 15 kwenye mzoga mmoja wa ng'ombe, na kipimo cha ugumu hupanda waziwazi. Raktopamini ni hafifu kuliko hiyo, kwa faida na kwa hasara.

Jambo jingine ambalo halisemwi sana: ng'ombe wenye nundu wana kalpastatini nyingi kwa asili, kwa hiyo nyama yao tayari huchelewa kulainika. Ukimwongezea mnyama wa namna hiyo dawa inayosukuma upande uleule, umeongeza ugumu juu ya ugumu.

Naishia hapa kwa sasa. Karibuni maswali, nitarudi.

#2 – Mchangiaji

Mkuu asante kwa darasa. Mimi niko machinjioni upande wa kukata. Kuna mizoga inakuja nyama yake nyeusi kama ini, inanata mkononi, na wateja wanairudisha wakisema ni mnyama mzee au aliyekufa. Wenzangu wanasema ni dawa. Ni kweli?

#3 – Mleta mada

Ndugu yangu, umegusa penyewe.

Msuli unahifadhi sukari iitwayo glaikojeni. Baada ya kuchinja, sukari hiyo inageuka asidi ya laktiki na kuishusha pH ya nyama (kipimo cha uchachu; ikishuka, uchachu umezidi) kutoka karibu 7 hadi takriban 5.4 mpaka 5.8. Hapo ndipo nyama inapata rangi nyekundu inayong'aa. Mnyama akifika kisuni akiwa ameimaliza akiba ya sukari, asidi haipatikani ya kutosha, pH inagoma juu ya 6, na unapata nyama uliyoieleza: nyeusi, kavu juu, inanata. Tena haidumu, bakteria wanaipenda pH hiyo.

Kinachomaliza akiba ni mfadhaiko. Safari ndefu, kuchanganya madume wasiojuana, kunyimwa chakula, kelele, fimbo. Hivyo vinatosha bila dawa yoyote, kwa hiyo usimhukumu mfugaji kwa rangi peke yake. Lakini homoni kali huongeza idadi ya mizoga ya namna hiyo, na beta-agonisti hutumia akiba ya sukari mnyama akiwa bado hai. Dawa inamfikisha ukingoni, safari mbaya inamsukuma.

Kuna tukio la wazi kuhusu hili. Agosti 2013 Tyson, kampuni kubwa ya nyama ya Marekani, ilitangaza kuacha kununua ng'ombe waliolishwa zilpateroli, baada ya kuonekana wanyama wanaofika machinjioni wakishindwa kutembea vizuri. Mwezi huohuo Merck, watengenezaji wa Zilmax (jina la kibiashara la zilpateroli), wakasimamisha mauzo yake Marekani na Kanada. Ustawi wa mnyama ndio uliosababisha, si malalamiko ya walaji. Kwangu mimi mambo hayo hayaachani: mnyama anayeshindwa kusimama vizuri hawezi kukupa nyama nzuri.

Na kwa kuwa uko upande wa kukata, angalia pia makovu ya sindano. Dawa yoyote ikichomwa kwenye paja au kiuno, hata ya tiba halali, inaweza kuacha kovu gumu ndani ya msuli, na nyama hukakamaa sentimita kadhaa kulizunguka hilo kovu. Ukikata unaona utepe mweupe au kifuko. Ndiyo maana wafugaji wanafundishwa kuchoma shingoni, mahali penye nyama ya thamani ndogo.

#4 – Mchangiaji

Mbona umeruka kuku? Hao wa nyama ndio wanaochomwa homoni kila siku. Kuku gani wa wiki sita anakuwa mkubwa hivyo?

#5 – Mleta mada

Dada yangu, sijaruka, nilikuwa nakuja. Na hapa nitaenda kinyume na wengi.

Uvumi huu una mzizi wa kweli. Mwaka 1947 Marekani iliruhusu kidonge cha DES, homoni ya kike ya kutengenezwa, kipachikwe shingoni mwa majogoo. Nyama yake ilinona mafuta na ikawa laini, kinyume kabisa na yanayotokea kwa ng'ombe wa trenboloni. Ilipigwa marufuku kwa kuku mwaka 1959. Kwa ng'ombe iliruhusiwa mwaka 1954 ikaendelea mpaka 1979, wakati madhara yake kwa watoto wa akina mama waliopewa dawa hiyo hospitalini yalikuwa yameshajulikana.

Ukubwa wa kuku wa leo umetoka kwingine. Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, kilitunza koo za kuku za miaka ya 1957 na 1978, wakawalea pamoja na kuku wa kisasa wa mwaka 2005, kwa chakula kilekile. Siku ya 56, wa 1957 walikuwa na wastani wa gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, na wa 2005 gramu 4,202. Chakula kimoja, tofauti zaidi ya mara nne. Hiyo ni kazi ya kuchagua wazazi kizazi baada ya kizazi. Homoni ya ukuaji, kwa upande mwingine, ni protini: ukiiweka kwenye chakula inameng'enywa kama protini nyingine, na kumchoma kila kuku mmoja mmoja kwenye banda la maelfu hakuna mfugaji anayeweza.

Lakini usiondoke ukidhani nyama imesalimika. Kasi hiyo yenyewe imeleta maradhi ya kidari. Msuli unakua haraka kuliko mishipa ya damu inavyoweza kuulisha, nyuzi zinakufa, na nafasi yake inazibwa na mafuta na tishu ngumu. Ukikishika kidari kibichi unakuta kimevimba na kimekakamaa, na juu yake kuna mistari myeupe inayofuata nyuzi. Kikipikwa kinatoa maji mengi na kutafunika vibaya. Hakuna dawa hapo, na bado mlaji amepunjwa.

Ambacho kuku wamepewa sana ni antibayotiki kwenye chakula. Hizo ziligunduliwa kukuza mwishoni mwa miaka ya 1940 na Thomas Jukes na Robert Stokstad wa maabara ya Lederle, walipowalisha vifaranga masalia ya kutengenezea klorotetrasaikilini. Kwenye ulaini au ladha athari yake haionekani sana. Hatari yake ni usugu wa bakteria. Uswidi ilizipiga marufuku kama dawa za kukuzia mwaka 1986, Umoja wa Ulaya wote mwaka 2006, na Marekani ilikomesha mwaka 2017 kwa zile zenye umuhimu katika tiba ya binadamu. Kolistini, dawa ya mwisho kwa wagonjwa mahututi, ilikuwa ikilishwa nguruwe China, na mwaka 2015 ikatangazwa kwamba bakteria wamebeba jeni ya usugu dhidi yake inayoweza kuruka kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Hili linaniumiza kuliko ugumu wa steki yoyote.

#6 – Mchangiaji

Mkuu, ugumu nitamaliza kwa kuchemsha. Mimi nauliza sumu. Nikila hiyo nyama inanidhuru au hainidhuru?

#7 – Mleta mada

Swali la haki. Jibu linategemea dawa gani, kiungo gani, na zimepita siku ngapi tangu dozi ya mwisho.

Kwa homoni za ng'ombe, wataalamu wenyewe wamegawanyika. Kamati ya pamoja ya FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, iliona kwamba zikitumika kwa utaratibu unaotakiwa mabaki hayana hatari kwa mlaji. Kamati ya kisayansi ya Umoja wa Ulaya mwaka 1999 ilisema estradioli ni kisababishi cha saratani na hakuna kiwango kinachoweza kuitwa salama. Ulaya imezuia nyama hiyo tangu miaka ya 1980. Mwaka 1998 Shirika la Biashara Duniani likaamua kwamba zuio halikujengwa juu ya tathmini ya kutosha ya hatari, Marekani ikawatoza ushuru wa kulipiza, na Ulaya haikulegeza. Msimamo wangu: hatari kwa mtu mmoja anayekula nyama iliyosimamiwa vizuri ni ndogo. Pasipo usimamizi, siwezi kuutetea msimamo huo.

Raktopamini ilipita kwenye Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, mwaka 2012 kwa kura 69 dhidi ya 67. Vikomo vilivyowekwa vinafundisha kitu: mikrogramu 10 kwa kilo ya nyama, 40 kwa maini, 90 kwa figo. Dawa hazikai sawasawa mwilini, viungo vinavyozichuja ndivyo vinavyobaki nazo zaidi. Ulaya, China na Urusi zimeikataa kabisa.

Klenbuteroli haina mjadala. Hukaa mwilini muda mrefu na hujikusanya kwenye maini. Mwaka 1990 huko Hispania watu 135 waliugua baada ya kula maini ya ng'ombe yenye dawa hiyo: mikono ikitetemeka, moyo ukienda mbio, kichwa kikiuma. Na kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 lililochezwa Mexico mwaka 2011, sampuli 109 kati ya 208 za mkojo wa wachezaji zilikutwa nayo, chanzo kikiwa nyama waliyokula. Wanamichezo mnaosoma hapa, hilo lichukueni kwa uzito. Na kuchemsha hakukuokoi, kwa sababu klenbuteroli inastahimili maji yanayochemka.

#8 – Mchangiaji

Mimi mfugaji. Kuna mtu ananishauri niwachome madume wangu deksamethasoni wiki mbili tatu kabla ya kuwauza, anasema wanajaa. Nimekuwa nikisita. Wewe unasemaje?

#9 – Mleta mada

Mkuu, kataa. Na nakushukuru kwa kuuliza hadharani.

Deksamethasoni ni dawa nzuri mkononi mwa daktari wa mifugo. Ikitumiwa kunenepesha, inamwongezea mnyama hamu ya kula na kumfanya ashike maji mwilini, kwa hiyo sehemu ya kilo unazoziona kwenye mizani si nyama. Wakati huohuo inashusha kinga yake, na ugonjwa uliokuwa umelala unaamka. Mkaguzi anayejua kazi yake anaweza kushtuka: tezi ya thaimasi ya ndama aliyepewa dawa hiyo husinyaa na kujaa mafuta.

Kisa kibaya zaidi cha uzito wa maji ni cha dawa za kuzuia tezi ya shingo, kama thiourasili. Zinapunguza kasi ya mwili mzima, mnyama anajaa maji kwenye misuli na utumbo wake unabaki umejaa. Anayenunua analipia maji hayo kwa bei ya nyama. Ulaya ilizipiga marufuku mwaka 1981. Wale wanaosema nyama inatoa maji mengi kwenye sufuria wanaweza kuwa na hoja kwa kundi hili, ingawa hata nguruwe aliyefadhaishwa dakika chache kabla ya kuchinjwa hutoa nyama yenye majimaji bila dawa.

Kama umewatibu madume wako kwa dawa yoyote halali, soma kibandiko cha chupa uone siku za kusubiri kabla ya kuchinja. Siku hizo zimehesabiwa kwa dozi, njia na mnyama walioandikwa hapo. Ukizidisha dozi, ukachoma mahali pengine au ukampa mnyama wa aina nyingine, hesabu hiyo haikuhusu tena, muulize daktari. Andika tarehe, namba ya mnyama, dawa na dozi. Mnunuzi akiuliza, mwonyeshe.

#10 – Mchangiaji

Sisi wanunuzi tutazijuaje? Na huo ugumu, nyumbani tufanyeje?

#11 – Mleta mada

Kwa macho hutazijua, na anayekwambia anatambua mabaki ya dawa kwa rangi au harufu ya nyama anakudanganya. Yanapatikana maabara, kwenye mkojo, maini, hata nywele za mnyama, ambako klenbuteroli hudumu muda mrefu. Unachoweza ni kununua kwa mtu anayejua mnyama alikotoka na kuwa mwangalifu na maini na figo usizojua asili yake.

Kuhusu ugumu, muulize muuzaji mnyama kachinjwa lini. Vipande vya mgongoni vya ng'ombe, vikiwa vimefungwa bila hewa kwenye baridi ya nyuzi 0 hadi 4, vinaendelea kulainika mpaka wiki mbili, na ya mnyama wa dawa huhitaji zaidi ya hapo. Vipande vya miguu vina tishu nyingi za kuunganishia, hivyo havitegemei sana siku: hivyo vinataka moto mdogo, maji, na saa kadhaa. Kwenye friza kalpaini husimama, kwa hiyo ukitaka kugandisha steki, igandishe baada ya siku hizo kupita.